Kuchora kwa kisu: rangi inageuka tope, inanywea, inapasuka. Nakosea wapi?

Mchora_Tabata ameuliza:

Habari za leo wanajamvi. Naomba msaada wa wale wanaochora kwa kisu badala ya brashi. Mazoea yangu ni tingatinga: hadibodi, rangi ya mafuta ya kopo (glosi), brashi nyembamba. Sasa nataka kuhamia kwenye picha za kisu, zile ambazo rangi inasimama hadi unaweza kuipapasa. Nimekwama sehemu kadhaa, naziweka zote. Anayejua moja ajibu hiyo hiyo.

Akriliki ninayotumia ni ya tyubu za bei ya chini, mililita 75. Nikivuta kisu inatandaa na kulala kama rangi ya ukutani. Nikajaribu glosi kwa unene ule ninaoutaka: siku ya pili uso umejikunja kama ngozi ya maziwa, ukibonyeza, ndani bado mbichi. Machweo ndiyo balaa kabisa, rangi ya chungwa juu ya bluu inaishia kijivu cha tope. Zile sehemu chache zilizonenepa zimepasuka nyufa za nywele. Na kisu chenyewe, nina seti ya plastiki na kimoja cha chuma kilichonyooka kama rula. Vidole vinagusa picha kila mara na kitambaa kimeshakwaruzwa mpaka nyuzi zinaonekana.

La mwisho: picha ya sentimita 40 kwa 50 inahitaji rangi kiasi gani? Nisije nikaishiwa katikati.

---

KisuBapa amejibu:

Mkuu, karibu. Nianze na kisu maana mengine yanategemea hapo.

Hicho kilichonyooka ni cha kuchanganyia rangi kwenye paleti. Cha kuchorea kina shingo iliyopinda, bapa liko chini na mpini uko juu, sawasawa na mwiko wa mwashi ila mdogo. Mpindo huo ndio unaoinua vidole visiguse picha. Tafuta viwili tu kwa kuanzia: kimoja chenye umbo la jani au tone, bapa lake sentimita 5 hivi, na kingine chembamba kirefu kwa mistari. Seti za visu kumi na mbili ni za kufurahisha macho, utaishia kutumia vitatu.

Pima mnyumbuko kabla ya kulipa. Bonyeza ncha juu ya kidole gumba: bapa lipinde kidogo, likiachiwa lirudi. Lisilopinda kabisa litakuwa linakwangua, na linalolegea kama karatasi halisukumi rangi nzito. Plastiki ina tatizo hilo la kwanza, ni ngumu halafu ukingo wake mnene, kwa hiyo haikati rangi, inaisukuma tu. Na chagua chuma kisichoshika kutu. Hewa ya chumvi ya hapa Dar inakula chuma cha kawaida ndani ya wiki chache, na kutu ikiingia kwenye nyeupe huitoi.

Kisu kipya kina ukingo wenye vichembe vya chuma visivyoonekana. Hivyo ndivyo vinavyokwaruza kitambaa. Chukua msasa wa maji namba 400, lowesha, pitisha ukingo wote taratibu mpaka ukiuburuta kwenye kiganja hausikii mkwaruzo. Kisu cha zamani nacho huwa kikali kwa kusuguliwa sana, kirudie.

Glosi. Ile rangi imetengenezwa ijisawazishe yenyewe, michirizi ya brashi ipotee uso ubaki laini. Ndiyo maana inafaa tingatinga. Kisu kinataka kinyume chake, rangi inayobaki pale ulipoiacha na kingo zake. Halafu glosi inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewa, inaanza juu. Ukiiweka nene, juu panashika na kutanuka wakati chini ni majimaji, ndipo yanapotokea makunyanzi. Hakuna dawa, usiitumie kwa unene. Na usipake akriliki juu ya glosi hata iliyokauka, itabanduka kama gamba. Ubao wenye glosi ya zamani ugeuze, upake upande wa nyuma.

Rangi inayofaa kisu iwe na uzito wa Blue Band iliyokaa kivulini. Chota, geuza kisu kichwa chini: isidondoke. Ikidondoka au ikivuta uzi kama asali, ni nyepesi. Akriliki za bei ya chini zina maji mengi, kwa hiyo hata ukizisimamisha leo, kesho zimenywea, maji yameondoka na ule mgongo wa rangi umeshuka. Changanya nusu kwa nusu na jeli nzito ya akriliki. Ni gundi ile ile ya akriliki bila rangi ndani yake, hivyo haidhoofishi tabaka, inapunguza tu ukali wa rangi kidogo. Ukikosa jeli kabisa, nunua angalau nyeupe nzito ya titani, hizo nyingine zibaki za kawaida. Picha nyingi za kisu nusu yake ni nyeupe iliyochanganywa.

Kiasi: 40 kwa 50 ni sentimita za mraba 2,000. Unene wa milimita 1 kila mahali ni mililita 200. Lakini usinenepeshe kila mahali, jicho linachoka. Tuseme theluthi moja iwe milimita 2 (kama mililita 133) na iliyobaki nusu milimita (kama 67). Unarudi kwenye 200. Ongeza robo kwa inayobaki kwenye paleti na kwenye tambara, andaa 250, na kati ya hizo nyeupe iwe 120 au zaidi. Tyubu moja ya 75 haikufikishi popote. Ndiyo maana mtu anaanza kuibania rangi, na anayeibania rangi hawezi kuchora kwa kisu.

---

DadaOkra amejibu:

KisuBapa kamaliza vifaa, mimi nakamata tope na nyufa.

Tope halitokani na rangi mbaya, linatokana na kurudia. Chungwa na bluu zinapingana. Zikikutana mbichi na ukazisugua zinauana, unapata kijivu. Brashi inakusamehe kidogo. Kisu hakisamehi, kwa sababu kinakomba rangi ya chini yote na kuipeleka juu. Kanuni ya kufanyia kazi: mvuto mmoja wa kisu, wa pili ukilazimika sana, wa tatu hapana. Ukikosea usirekebishe pale pale. Komba sehemu yote kwa kisu kisafi mpaka ubao uonekane, weka upya.

Na futa bapa baada ya KILA mvuto. Kila mvuto, siyo kila baada ya mitano. Shika tambara la pamba mkono wa kushoto muda wote, bana bapa katikati ya tambara, vuta kutoka shingoni kwenda nchani. Sehemu kubwa ya tope la wanaoanza liko nyuma ya kisu, hawaligeuzi wakaliona.

Kwa machweo hasa: paka anga ya bluu kwanza, nyembamba, iache ikauke kabisa. Akriliki nyembamba kwa joto letu ni nusu saa. Halafu njano iliyopauka iwe mpaka kati ya bluu na chungwa, au waridi. Chungwa liguse njano, njano iguse bluu. Njano na bluu zikigusana utapata ukijani hafifu, hauui picha. Chungwa na bluu zikigusana umekwisha.

Kupakia rangi kwenye kisu nako kuna namna. Wengi wanachota kama wanakula wali. Tandaza kilima cha rangi kwenye paleti kiwe bapa la milimita 3 hivi, kisha ingiza ukingo wa kisu chini yake na uvute pembeni, rangi ikae kama tambi upande mmoja tu wa ukingo, chini ya bapa. Ukigusa ubao, laza kisu karibu bapa, kiinuke upande wa mkono tu kiasi cha kupenya kidole kidogo, uvute bila kukandamiza. Kadiri unavyokiinua ndivyo kinavyokwangua badala ya kuweka. Mwisho wa mvuto usinyanyue wima, maana rangi inasimama mwiba na mwiba ukikauka unakatika ukiguswa. Telezesha utoke.

Mistari ya nguzo, milingoti, nyaya za umeme: usivute. Pakia ukingo, gonga ubao kwa ukingo, nyanyua, gonga tena mbele yake.

Paleti nzuri ya bei ndogo ni kigae cheupe cha sakafuni cha sentimita 30 kwa 30. Kiloweke jioni, asubuhi rangi inabanduka kwa wembe. Zima feni ukichora, vinginevyo rangi inaota ngozi kwenye paleti na vipande vya ngozi vinaingia kwenye picha kama makombo.

Nyufa. Akriliki inakauka kwa maji kuondoka. Juu pakikauka haraka kuliko ndani, ngozi ya juu inavutwa na kuchanika. Chanzo mara nyingi ni feni, au mtu kaweka picha juani "ikauke upesi". Fanya kinyume: tabaka lisizidi milimita 3 kwa mara moja, picha ilazwe bapa kivulini, na siku ya kwanza uifunike kwa boksi lililogeuzwa lisilogusa rangi, ili ikauke polepole kwa usawa. Wakati wa masika hewa yenyewe ina maji, boksi halihitajiki. Ukigusa juu pakawa pakavu usidanganyike, milimita 3 inataka siku kadhaa ndani. Ukihitaji mgongo wa milimita 6, ni safari mbili.

---

fundi_fremu amejibu:

Naona wote mmeruka ubao, na huko ndiko nusu ya kazi iko. Anayeanza asiguse kitambaa. Kitambaa kinadunda chini ya kisu, unakandamiza bila kujua, bapa linapiga ubao wa fremu kwa nyuma na kuacha mstari picha nzima. Ndiyo hadithi ya hizo nyuzi zako.

Nunua hadibodi ya milimita 3. Shiti ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 24 vya sentimita 30 kwa 40, fundi seremala yeyote anakukatia kwa msumeno wa meza. Tingatinga mwenyewe, Edward Saidi, alianza kuchora juu ya hadibodi mwaka 1968, hivyo hauko ugenini. Sugua upande laini kwa msasa namba 180 utoke mng'ao, futa vumbi kwa tambara bichi, paka jeso (rangi nyeupe ya kutanguliza, ili rangi ishike) mara mbili: ya kwanza kwa mlalo, ikikauka ya pili kwa wima. Nyuma nako paka mara moja. Ukiacha nyuma tupu, upande mmoja unanywa unyevu na mwingine haunywi, ubao unapinda kama ngalawa.

Bila jeso? Rangi ya maji ya ukutani nyeupe isiyong'aa inafaa kwa mazoezi. Kwa kazi ya kuuza nunua jeso.

Ukihamia kwenye amerikani, chagua nzito, fua kwanza itoe wanga, kausha, ndipo uwambe. Ukiipiga kwa kidole itoe sauti kama ngoma, jeso mara tatu. Na ukichora, ingiza kadibodi mbili za boksi nyuma ya kitambaa, kati yake na mbao za fremu, zijaze uwazi. Ukimaliza zitoe, zisikae huko zikanywa unyevu na kuleta ukungu.

Kuhusu jeli nusu kwa nusu ya KisuBapa, sikatai, ila ukitaka mgongo mkubwa kama ukuta wa mawe au gome la mbuyu, ni kumwaga fedha. Tengeneza ute wa chini: vikombe 2 vya unga wa kalsiamu kaboneti, kikombe 1 cha gundi nyeupe ya mbao, robo kikombe cha akriliki nyeupe, maji ya kijiko kimoja kimoja mpaka uwe mzito kama dawa ya meno. Paka kwa milimita 2, acha siku nzima, ongeza. Ukishakauka ndipo unapitisha rangi juu yake kwa kisu kilicholala, rangi inashika vilele tu na mabonde yanabaki na rangi ya chini. Unga ukizidi unapukutika kama chaki. Gundi ikizidi inanywea. Ni wa ubao mgumu tu. Kwenye kitambaa utavunjika.

---

KisuBapa:

Hapo kwenye ute nakubaliana kwa mazoezi, fundi. Kwa kazi ya kuuza hapana: gundi ya mbao nyingi zinalainika tena zikipata maji, na nyumba zetu wakati wa mvua kuta zinalia. Kwa mteja tumia ute wa akriliki wa dukani. Na nisisitize, huo unga si chokaa ya kupaka ukuta. Chokaa ya ukuta ni kali, bluu ya Prussia ikikutana nayo inaharibika na kugeuka hudhurungi. Saruji vile vile. Jasi, ile ya dari, inaganda kwenye bakuli kabla hujapakia hata robo.

---

Mchora_Tabata:

Asanteni sana wakuu. Naona kosa kubwa ni kubania rangi na kusugua. Maswali mawili: nianze kuchora nini? Na rangi za mafuta za tyubu je, siyo rahisi zaidi kwa kuwa hazikauki haraka? Wateja wengi wa picha hizi ni wageni, wanataka wazikunje waondoke nazo.

---

DadaOkra:

Usianze na Mmasai wa rubega nyekundu, kila anayeanza anaanzia hapo. Umbo la mtu linadai mkono uliokwisha kuzoea.

Siku ya kwanza chukua rangi moja na nyeupe, tuseme bluu ya ultramarini. Gawa ubao miraba mitano, kutoka bluu tupu hadi karibu nyeupe, kila mraba ujazwe kwa mivuto isiyozidi sita. Unaonekana mchezo wa watoto, lakini utagundua unasugua bila kujijua. Kisha paa za mabati zinavyoonekana kutoka ghorofani: kila bati ni mvuto mmoja wa bapa, kutu ni banti sayena (hudhurungi yenye wekundu) iliyoguswa tu kwa ukingo. Halafu mashua za Feri. Tanga ni pembetatu, na kisu cha umbo la jani kinatoa tanga zima kwa mkono mmoja, kuanzia juu kwenda chini, ukikizungusha kidogo mwishoni. Kama halikutoka, komba.

Usichanganye rangi mpaka ziwe moja kabisa kwenye paleti. Mikunjo mitatu minne ya kisu basi. Ile michirizi ya rangi ambayo haijachanganyika ndiyo inayong'aa kwenye mvuto.

Na tazama picha yako kwa mwanga wa pembeni, dirisha likiwa kushoto au kulia kwako. Mwanga wa mbele unaficha migongo yote.

---

Pwani77:

Mafuta: ndiyo, kwa kisu ni matamu. Mchoraji Mfaransa Cézanne alipaka picha za mjomba wake kwa kisu cha paleti mwaka 1866, nayo yalikuwa mafuta. Ila hesabu muda. Akriliki ya milimita 3 ni siku, mafuta ya milimita 3 ni miezi. Nyeupe ya titani inachelewa, nyeusi inachelewa zaidi, rangi za udongo kama amba zinawahi. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi; ukigeuza, la juu linakauka kabla ya la chini na kupasuka. Mafuta juu ya akriliki kavu sawa, akriliki juu ya mafuta kamwe. Kuyeyushia tumia tapentaini, siyo thina ya kopo ya wapaka magari. Na tambara lenye mafuta ya kitani usilifinyange ukatupa kwenye ndoo: linajipasha joto lenyewe mpaka linawaka. Litandaze nje likauke, au lizamishe kwenye maji.

Kwa mteja anayeondoka wiki hii, mafuta mazito hayafai.

---

fundi_fremu:

Kuhusu kukunja. Akriliki tu, iliyokaa wiki mbili au zaidi, na migongo isizidi milimita 2. Kunja rangi ikiwa NJE. Watu wanaificha ndani wakidhani wanailinda, kumbe ndani inabanwa na kukunjamana. Nje inanyooka tu. Tumia bomba la plastiki la inchi 4 au zaidi, picha izungushwe juu ya bomba, isisukumwe ndani yake.

Juu ya rangi weka karatasi ya kuokea mikate, ile isiyonata. Gazeti linaganda, maana akriliki kwenye joto letu inabaki na ulaini wa kunata hata ikiwa kavu. Plastiki ya viputo ikigusa rangi moja kwa moja inaacha alama za duara, iwe ya nje kabisa.

Mwambie mteja jambo moja, umwandikie hata kwenye karatasi: akifika kwao wakati wa baridi asifungue siku hiyo. Akriliki ikishuka chini ya nyuzi 10 hivi inakakamaa, ukiikunjua inavunjika. Ilale ndani ya nyumba yenye joto siku nzima, ndipo aikunjue taratibu.

Mgongo ukizidi milimita 2, usikunje. Chora ndogo kwenye hadibodi, 20 kwa 30, iingie kwenye begi ikiwa bapa, na utenge milimita 5 za uwazi kati ya rangi na kifuniko kwa vipande vya kadibodi kwenye pembe nne.